Kurasa za Katikati

Januari ile Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Mansuri, alirudi kutoka semina ya siku mbili Kilindoni akiwa na bahasha ya kaki na agizo moja: kila shule iwe na dawati la ulinzi wa mtoto, na kila dawati liwe na sanduku la maoni. Tulikuwa walimu sita Shule ya Msingi Mtondooni, ofisi moja, meza nne. Alituangalia mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi, ambaye sikuwa nimetimiza hata mwaka tangu nitoke chuo.

"Mwalimu Mwanahalima," alisema, "wewe una sauti ya chini. Watoto hawatakuogopa."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, na kazi ikawa yangu.

Nilimwomba fundi wa mashua anitengenezee sanduku kwa vipande vya mbao vilivyombakia. Akavipiga randa, akaacha mwanya juu, akatia bawaba na kufuli dogo. Nikalitundika ukuta wa nyuma wa darasa la tatu, mahali ambapo mtoto anaweza kupita kama anayekwenda chooni na aliye ofisini asimwone. Nilifikiria sana mahali pa kulitundika. Nilifikiria na urefu, ili hata wa darasa la pili afikie. Niliwaambia watoto, darasa kwa darasa: andika kinachokuumiza, usiandike jina lako, nitasoma mimi peke yangu. Kitu kimoja tu sikukifikiria, nacho ni karatasi.

Karatasi nyeupe zilikuwepo. Zilikuwa kabatini kwa Mwalimu Mkuu, zimefungiwa kwa ajili ya mitihani. Niliona haya kuziomba. Nikajiambia watoto wana madaftari.

Mtoto wa shule akitaka karatasi hagusi ukurasa wa mbele wala wa nyuma. Hufungua daftari katikati, penye pini mbili, akachomoa karatasi nzima taratibu, na daftari likifungwa halionyeshi kitu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo utotoni, nani hakufanya. Lakini Mtondooni kuchana daftari lilikuwa kosa lenye adhabu yake, tangu mwaka juzi, wafadhili walipogawa madaftari bure, na baada ya wiki tatu anga la kijiji likajaa tiara zenye mistari ya daftari. Aliyeitunga sheria hiyo ni Mwalimu Taufiki, mwalimu wa nidhamu.

Mwalimu Taufiki alifundisha Hisabati, na darasa lake ndilo pekee lililosikika likicheka. Alinunua mpira kwa fedha yake. Mtoto akipandwa na homa, pikipiki iliyomfikisha zahanati ilikuwa yake. Na alipiga. Alichapa bakora kwa kuchelewa, kwa kelele, kwa kucha ndefu, na bakora ikiwa mbali alipiga kofi, huku akiendelea kuzungumza kama mtu anayefukuza nzi. Sheria inamtaka Mwalimu Mkuu achape yeye, au ampe mwalimu ruhusa kwa maandishi, na kila kiboko kiandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Kitabu hicho nilikiona kabatini. Mara ya mwisho kuandikwa kitu ilikuwa kabla sijaanza chuo.

Wazazi walimpenda. "Huyu anatusaidia," walisema. Nami, kwa kweli, nilikaa naye ofisini miezi kumi na sikuwahi kumwambia neno.

Katika darasa la tano kulikuwa na msichana aitwaye Nasma. Aliishi na bibi yake, Bi Aziza, aliyelima mwani. Siku za bamvua, maji yanapotoka mapema, Nasma alimsaidia kushusha kamba ufukweni kabla ya kuja shule, akafika na sketi iliyolowa chini, amechelewa. Kwa hiyo adhabu zake zilifuata mwezi: siku chache za kupigwa, kisha wiki ya kupumua, kisha tena. Darasani alikaa dawati la mwisho upande wa kushoto, ukutani, na nikiongea aligeuza kichwa pembeni, kama kuku anayetazama punje. Mwanzoni nilidhani ananidharau. Watoto walimwita Spika Moja.

Nilimuuliza siku moja kwa nini wanamwita hivyo.

"Utani tu, Mwalimu," alisema, na akatabasamu ili niondoke.

Watoto wote wa darasa la tano walijua. Walimu ndio tuliokuwa hatujui, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Baada ya wiki mbili nililitikisa sanduku nikasikia makaratasi. Nilitaka kulifungua nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Mwalimu Mkuu akasema hapana, semina ilisisitiza uwazi, tutalifungua kwenye kikao cha walimu Alhamisi. Nilikuwa nimewaambia watoto nitasoma mimi peke yangu. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, yeye akaitikia simu, na alipomaliza nilikuwa nimeshatoka nje.

Zilikuwa karatasi kumi na moja. Nilizisoma kwa sauti, nikibadilisha maneno kidogo pale nilipohisi mtoto angejulikana. Moja ilisema choo cha wasichana hakina mlango. Nyingine ilisema kiranja mkuu huwanyang'anya wadogo mihogo yao ili asiwaandike kwenye orodha ya wapiga kelele. Wawili waliomba mpira wa wasichana. Nne zilikuwa za bakora, na nilipokuwa nikizisoma sikumtazama Mwalimu Taufiki. Niliona tu kalamu yake ikizunguka mezani. Ya tisa ilikuwa fupi, kwa mwandiko wa duara duara:

*Mwalimu naomba nikikosa nichapwe mikono au miguu. Nisipigwe kofi. Sikio la kushoto halisikii tangu darasa la nne. Limebaki hili moja.*

Kalamu ilisimama. Nilijua ni nani kabla sijafika mwisho. Mwalimu mmoja aliyekuwa akimenya chungwa aliliweka chini.

"Huyu ni nani?" Mwalimu Taufiki aliuliza.

Niliigeuza ile karatasi kifudifudi mezani.

"Mwalimu, mtaje. Tumjue, tusimguse." Hakuwa akitania. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtuka.

Nami nikamtazama, nikaona ule mkono wake mkubwa juu ya meza, nikafikiri: nikimtaja leo, kesho ataitwa ofisini, ataulizwa nani kamfundisha kulalamika. "Nimewaahidi," nilisema. "Hakuna majina."

"Na wewe unamjua?"

"Simjui," nikasema.

Mwalimu Mkuu akasema basi, ni sahihi, taratibu zifuatwe, na kuanzia leo walimu wote tujihadhari na makofi. Kikao kikaelekea kwenye zamu za uji. Hapo ndipo Mwalimu Taufiki alipovuta zile karatasi upande wake. Hakuzisoma. Aliipapasa moja kwa kidole gumba, penye mkunjo wa katikati, kwenye vile vitundu viwili vya pini, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Hawa watatumalizia madaftari," alisema.

Watu wakacheka, kwa sababu tulihitaji kucheka. Na mimi nilitabasamu. Kikao kilipokwisha nilizikusanya, na ile ya tisa nikaitia kwenye andalio langu la masomo bila kujua kwa nini. Nyingine kumi alizichukua Mwalimu Mkuu.

Jumatatu, kwenye paredi, baada ya wimbo wa taifa, Mwalimu Taufiki aliwaambia watoto waende madarasani warudi na madaftari yote. Upepo ulikuwa mkali, minazi ikivuma, na wadogo walikimbia wakiyabana vifuani. Aliwaambia viranja wahesabu kurasa. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi uzio: "Hakuna atakayeadhibiwa kwa kuandika maoni. Maoni ni haki yenu. Ila sheria ya madaftari mnaijua."

Hadi leo sijui kama alilitega hilo kusudi, au kama aliamini kweli kwamba ni mambo mawili tofauti. Watoto waliona jambo moja tu. Niliwaona wakigeuka, mmoja baada ya mwingine, kunitafuta kwa macho. Wakubwa waliliangalia sanduku.

Walitolewa mbele kumi na tisa. Baadhi walikuwa wamechana kwa ajili ya tiara tu. Nasma alikuwa wa nne kwenye mstari, daftari lake la Kiswahili limefunguliwa katikati, pini mbili zimeachwa wazi. Wale watatu wa kwanza walichapwa viganja, viboko viwili viwili, na wa tatu, mtoto wa darasa la pili, alilia kwa kelele, akasimama hapo hapo akilia, kando ya Nasma, upande wa kulia.

Nilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwao. Baadaye nilizipima. Nilifungua mdomo tangu mtoto wa pili. Nilikuwa na maneno yote: Mwalimu, ngoja, Mwalimu, naomba nizungumze nawe, ni huyo. Watoto mia mbili na themanini walikuwa wamesimama pale, na wazazi wawili uzioni, na nikafikiri ni viganja tu, anachapa viganja, akimaliza nitakwenda kumwambia.

Nasma alinyoosha mkono wa kulia, akachapwa. Mwalimu Taufiki akasema lete wa pili. Mtoto wa darasa la pili alikuwa akilia kwenye sikio lake pekee, na upepo ulivuma, naye alikuwa ameinamisha kichwa akikitazama kiganja. Hakusikia. Mwalimu akarudia. Hakusikia.

"Una kiburi, eh?"

Nasma akainua uso.

Nimefikiria jambo hili mara nyingi. Kofi la mkono wa kulia humpata mtoto aliye mbele yako sikio la kushoto. Ndivyo lilivyokufa lile la kwanza. Lakini asubuhi hiyo mkono wa kulia wa Mwalimu Taufiki ulikuwa umeshika bakora, akapiga kofi kwa wa kushoto, uliokuwa wazi.

Hakulia. Aliweka kiganja sikioni, akakitoa, akakiweka tena, akakitoa, kama mtu anayejaribu swichi ya taa siku umeme umekatika. Kisha akaanza kututazama midomo.

Ndipo miguu yangu ilipokwenda. Nilifika, nikamshika Nasma bega, nikamwambia Mwalimu Taufiki, "Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Wa sikio."

Bakora ilishuka taratibu hadi ikagusa mchanga. Alimtazama mtoto, akanitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nilikuuliza Alhamisi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuuliza mbele ya watu."

Yeye mwenyewe ndiye aliyempakia kwenye pikipiki, mimi nikakaa nyuma nimemshika. Zahanati wakatuambia twende hospitali Kilindoni. Barabara ile ina mashimo, na kila tulipotupwa Nasma alinibana mkono, lakini hakutoa sauti. Tone moja la damu lilikauka shingoni mwake. Daktari alitazama ndani ya sikio kwa muda mrefu. Akatuambia ngozi ya ndani imechanika. Huenda ikajiunga kwa miezi miwili au mitatu lisipoingia maji wala usaha. Isipojiunga itabidi apelekwe Dar es Salaam. La kushoto alilitazama pia, akatikisa kichwa.

"Ilikuwaje?" aliuliza, kalamu juu ya fomu.

"Ameanguka," alisema Mwalimu Taufiki.

Daktari alinigeukia. Angeandika kipigo, angelazimika kututuma tuende polisi kuchukua fomu kwanza. Nasma alikuwa akitutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, na sijui aliona nini kwenye wangu, maana haukutikisika. Daktari akaandika.

Jumatano Mwalimu Mkuu na Mwalimu Taufiki walikwenda nyumbani kwa Bi Aziza na mchele na sukari. Nilisimuliwa kwamba Mwalimu Taufiki alikaa chini, mkekani, akalia hadi akashindwa kuongea, na kwamba bibi ndiye aliyemletea maji. Naamini alilia. Alirudi amevimba macho, na wiki nzima hakushika bakora. Aliichukua mwalimu mwingine.

Nilikwenda kwa Bi Aziza kesho yake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Alinikaribisha, akanisikiliza nikimweleza kuhusu ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, kuhusu maelezo ya maandishi, kuhusu fomu. Aliendelea kuchambua mwani mkavu, akitoa mchanga.

"Nimeshasamehe," alisema. "Yule atakuwa hapa mwakani, na mwaka wa pili yake. Wewe utahamishwa. Usinichimbue."

Nikamwambia ni haki ya mtoto.

"Haki," alisema, si kwa dharau. "Tangu mwaka jana namwita, haitiki. Nilidhani ameota pembe. Nilimchapa mimi mwenyewe kwa kutoitika." Akaweka mwani chini. "Nenda, mwanangu. Umechoka."

Ijumaa nililifungua sanduku. Lilikuwa tupu. Nikalifungua Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata tena. Watoto walipokuwa wakienda chooni walizunguka upande wa pili wa jengo ili wasionekane wamepita karibu nalo. Nilipoingia darasani walisimama, wakanisalimu vizuri, wakakaa, na hakuna aliyenyoosha kidole. Mwalimu Mkuu alinieleza, kwa upole, kwamba zile karatasi kumi zilitumika kuwashia jiko la uji kwa bahati mbaya, na kwamba kwa maoni yake jambo lilikwisha.

Ile ya tisa ilikuwa bado kwenye andalio langu.

Mwishowe nilikwenda mezani kwa Mwalimu Mkuu, nikamwomba karatasi nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kueleza za nini. Alifungua kabati, akachota kadiri mkono ulivyoshika, akanipa, akaendelea na simu yake. Hakuuliza lolote. Nilisimama nje ya mlango nikiwa nazo mkononi hadi kengele ikagongwa.

Niliandika kurasa tatu. Niliandika lile kofi, na la mwaka uliopita, na kitabu cha adhabu kilivyokaa kabatini. Niliandika kwamba kwenye kikao cha Alhamisi walimu sita tulijua kuna mtoto mwenye sikio moja, na mmoja wetu alijua ni nani, na alipoulizwa alisema hamjui. Niliandika hospitalini palisemwaje, na nani alinyamaza. Chini nikaweka jina langu kamili, cheo, tarehe na sahihi, na ile karatasi ya daftari nikaiambatisha.

Jumamosi nilishuka ufukweni. Maji yalikuwa yametoka, na Bi Aziza alikuwa mbali, ameinama kwenye kamba zake, maji yakimfika magotini. Nasma, kwa sababu ya maji, aliachwa kwenye mchanga mkavu, pamba sikioni, kitambaa kimefungwa juu yake. Alikuwa akifunga mbegu za mwani kwenye vikamba. Alinipa mgongo. Nilimwita, kisha nikakumbuka, nikazunguka hadi mbele yake, nikachuchumaa.

Hakushtuka. Aliangalia mdomo wangu, akisubiri.

Nilikuwa nimeandika mapema, kwa herufi kubwa, juu ya karatasi moja: *Nimeandika yote yaliyotokea. Ukitaka, andika na wewe. Usipotaka, nitapeleka yangu peke yake.* Chini yake palikuwa peupe. Nikampa pamoja na kalamu.

Alifuta vidole kwenye kanga. Hakuisoma kwanza. Alipitisha kidole gumba ukingo wa kushoto, kisha wa juu, kisha wa kulia, kisha wa chini. Akaikunja katikati, akaikunjua, akaiinua juani na kuitazama upande mpaka upande, akitafuta vitundu. Aliporidhika akaishusha pajani, akaisoma.

Kisha aliandika kwa mwandiko wake wa duara duara, akanigeuzia.

*Watajua ni mimi?*

Nilitaka kuandika kwamba nitamlinda. Nilitaka kuandika kwamba kuna sheria. Nikachukua kalamu.

*Ndiyo*, niliandika.

Alilitazama neno lile. Kule majini bibi yake alikuwa amesimama wima, mkono juu ya macho, akitutazama. Hakuita; angemwita nani. Hakuja pia. Baada ya muda akainama tena kwenye kamba zake.

Nasma alisogeza kapu la mbegu, akaweka karatasi juu ya kifuniko cha ndoo ili isitoboke. Akaanza pale juu kabisa, kama walivyofundishwa kufanya siku za mtihani. Jina. Darasa. Tarehe.